Dalili na Taswira: Nyumba Yenye Mashetani na Wingi wa Efekti za Kompyuta katika Filamu za Kutisha za Pwani ya Tanzania

Ikisiri

Makala hii inachunguza filamu za kutisha za Kiswahili ambazo matukio yake makuu hutokea ndani ya nyumba yenye mashetani, na inafafanua kwa nini matumizi ya kupita kiasi ya efekti za kompyuta huzipunguzia filamu hizo uwezo wa kuogofya. Hoja kuu ni kwamba tatizo halitokani na ubora hafifu wa efekti pekee, bali na nafasi ambayo efekti hizo hupewa katika masimulizi. Katika mapokeo ya Bagamoyo na mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kiumbe asiyeonekana hutambuliwa kwa dalili zake juu ya nyumba, vitu na mwili wa binadamu, na dalili hizo huthibitishwa kwa ushuhuda. Efekti inapomleta kiumbe mwenyewe mbele ya macho mapema, huondoa kazi ya dalili na kazi ya shahidi kwa pamoja. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kuwa suala hili ni la kisanaa na pia la kijamii, kwa kuwa taswira inayothibitisha uovu usoni mwa mtu hairejei skrini peke yake.

1.0 Utangulizi

Vigwaza ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Chalinze, Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro hupita hapo, na malori yaendayo bara husimama katika mizani yake. Kwa wakaazi na wapita njia wa vituo vya namna hii, filamu ya Kiswahili haikufika kwa njia ya jumba la sinema. Ilifika kwa mkanda wa VHS, baadaye kwa VCD na DVD, na sasa kwa simu ya mkononi. Kwa wengi, ukumbi wa kwanza wa kutazamia filamu ulikuwa kibanda umiza, yaani chumba kidogo chenye televisheni na mabenchi, ambamo mtazamaji huingia kwa kiingilio kidogo.

Mtazamaji wa mahali kama Vigwaza anachukuliwa katika makala hii kuwa kipimo cha uchambuzi. Sababu ni kwamba mtazamaji huyu ana maarifa ya aina mbili. Kwanza, amekulia katika mazingira ya Wazaramo, Wakwere, Wadoe na wahamiaji wa kila upande, ambamo habari za mizimu, majini na mapepo ni sehemu ya mazungumzo ya kawaida. Pili, ana simu yenye uwezo wa kubadili sura ya mtu kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo anajua jinsi taswira inavyotengenezwa. Filamu ya kutisha inayompuuza katika maarifa yote mawili haiwezi kumtisha.

Filamu za kutisha ni miongoni mwa tanzu zilizoitambulisha mapema tasnia ya filamu za video nchini, ambayo baadaye ilifahamika kwa jina la Bongo Movie. Mwongozaji Mussa Banzi alijipatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa filamu za Nsyuka na Shumileta. Watafiti Matthias Krings na Claudia Böhme wameonyesha uhusiano wa filamu hizi na zile za Nigeria. Shumileta, kwa mfano, imehusishwa na Karishika. Katika televisheni, tamthilia ya Jumba la Dhahabu ilijenga mvuto wake juu ya nyumba na majini, na ndiyo iliyompatia mwigizaji Miriam Jolwa jina la usanii la Jini Kabula.

Pamoja na umaarufu huo, kicheko cha watazamaji mbele ya jini aliyetengenezwa kwa kompyuta ni jambo linalofahamika kwa yeyote aliyewahi kuketi katika kibanda umiza. Swali linaloongoza makala hii ni hili: kwa nini jamii yenye hazina kubwa ya masimulizi ya kutisha hucheka inapoonyeshwa kile inachokiogopa? Ili kulijibu, makala inatumia mbinu ya uchambuzi wa matini na usomaji linganishi. Inaanza na misingi ya nadharia, inaeleza nafasi ya nyumba na dalili katika mapokeo ya pwani, inafafanua ufundi wa efekti, kisha inajadili madhara ya wingi wake.

2.0 Misingi ya Nadharia

Uchambuzi huu unategemea mawazo ya wataalamu watatu. Wa kwanza ni Tzvetan Todorov, ambaye mwaka 1970 alieleza kuwa fantasia huishi katika kipindi cha kusitasita: msomaji hajui bado kama tukio lina sababu ya kawaida au ya kiajabu. Kusitasita kunapokwisha, kazi huhamia utanzu mwingine. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu uwanja huo. Katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti hukutwa penye mzimu, na mvutano wa riwaya hudumu kwa kadiri msomaji anavyosita kati ya kuamini nguvu ya mzimu na kutafuta mkono wa binadamu.

Wa pili ni Noël Carroll, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya utisho alibainisha hatua nne za masimulizi ya kutisha: mwanzo, ambapo athari za kiumbe huanza kuonekana, ugunduzi, ambapo mtu mmoja au kikundi hutambua kuwapo kwake, uthibitisho, ambapo waliogundua huwasadikisha wasioamini, na makabiliano. Kwa mujibu wa Carroll, raha ya mtazamaji hutokana kwa kiasi kikubwa na udadisi. Mtazamaji hufuatilia namna jambo lisilojulikana linavyojulikana hatua kwa hatua.

Wa tatu ni Stephen Prince, ambaye mwaka 1996 alieleza kuwa taswira ya kompyuta huaminika pale inapolingana na uzoefu wa macho ya mtazamaji kuhusu mwanga, vivuli, uzito na mwendo, hata kama kitu kinachoonyeshwa hakipo duniani. Mtazamaji hakubali mjusi mkubwa kwa sababu amewahi kumwona. Humkubali kwa sababu kivuli chake huanguka panapostahili na matope humrukia anapokanyaga.

Mawazo haya matatu yanakamilishana. Todorov anaeleza hali ya akili ya mtazamaji, Carroll anaeleza mpangilio wa matukio, na Prince anaeleza masharti ya taswira yenyewe. Efekti inaweza kushindwa katika ngazi yoyote kati ya hizo tatu, na mijadala mingi huishia kwenye ngazi ya tatu peke yake, yaani ubora wa picha. Makala hii inadai kuwa kushindwa kukubwa zaidi hutokea katika ngazi mbili za kwanza.

3.0 Nyumba na Dalili katika Mapokeo ya Pwani

Nyumba ya Mswahili si kuta na paa tu. Katika nyumba za mawe za mwambao, mgeni hupokelewa barazani, akaribishwe ukumbini akiwa ndugu au rafiki, na asifike ndani ila kwa idhini. Kadiri mtu anavyoingia ndiyo kadiri anavyokaribia mambo ya siri: ndoa, uzazi, ugonjwa na maiti. Watafiti wa akiolojia kama Linda Donley-Reid wamehusisha vidaka vya ukutani na vyombo vya kauri vilivyopangwa humo na imani ya kukinga nyumba dhidi ya husda. Nyumba mpya huzindikwa, ubani huchomwa, dua husomwa. Desturi hizi zinatufahamisha kwamba nyumba inahesabiwa kuwa na mipaka inayoweza kuvukwa na wasioonekana, na kwamba mwenye nyumba ana wajibu wa kuilinda mipaka hiyo.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Penye mbuyu mkubwa au gofu la kale, watu husema kwamba mahali pale pana wenyewe. Usemi huo hautaji jina wala umbo. Unataja milki tu: kuna wanaostahili mahali hapo kuliko sisi. Vivyo hivyo kinyamkera, ambaye katika masimulizi ya pwani ni pepo ahusishwaye na kisulisuli, hajulikani kwa uso wake. Hujulikana kwa vumbi linalozunguka, majani yanayonyanyuka na ugonjwa unaofuata. Pepo ampandaye mtu hujulikana kwa sauti iliyobadilika, kwa harufu anayoitaka, kwa rangi ya kitambaa anachodai na kwa ngoma anayoiitikia. Mganga hamwoni pepo huyo, humhoji. Swali lake la kawaida huwa ni nani wewe na unataka nini.

Kwa hiyo, mapokeo ya pwani yana utaratibu wa maarifa unaokaribiana na hatua za Carroll. Kwanza huja dalili, kisha tafsiri ya dalili, kisha ushuhuda mbele ya jamaa na mganga, na mwisho makabiliano ambayo mara nyingi huwa ni mapatano. Tofauti ni kwamba katika utaratibu huu kiumbe mwenyewe hahitajiwi kuonekana hata mwisho.

Mfano ulio wazi zaidi wa nyumba iliyovamiwa ni ule wa Popobawa. Hofu ya kiumbe huyu ilisimuliwa Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, kisha ikazuka kwa nguvu Pemba na Unguja mwaka 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi. Jina lake linaunganisha popo na bawa, lakini waliosimulia mashambulizi yake walieleza zaidi kuhusu harufu kali, uzito kifuani na kushindwa kujinasua kitandani. Iliaminika pia kwamba aliyeshambuliwa alitakiwa kuwaeleza wengine. Familia zilihama vyumba vyao na kulala nje kwa makundi, zikiota moto hadi alfajiri. Martin Walsh amechunguza namna hofu hiyo ilivyohusishwa na siasa za wakati ule, na Katrina Daly Thompson ameichambua kama mazungumzo, yaani jambo linaloishi katika namna watu wanavyolisimulia. Kwa madhumuni ya makala hii, jambo la kuzingatiwa ni kwamba watu walizikimbia nyumba zao kwa sababu ya ushuhuda wa jirani, bila taswira yoyote.

4.0 Efekti: Asili na Ufundi Wake

Si sahihi kudai kwamba hila za picha ni uvamizi wa kigeni katika filamu ya kutisha. Filamu ya Le Manoir du diable ya Georges Méliès, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1896 na inayotajwa mara nyingi kuwa filamu ya kwanza ya kutisha, ni filamu ya jumba lenye mashetani. Huanza kwa popo kuruka ukumbini na kugeuka kuwa shetani. Méliès aliupata mgeuko huo kwa kusimamisha kamera, kubadilisha kilichokuwa mbele yake, kisha kuendelea kupiga picha. Jini anayetoweka ghafla katika filamu ya video ya Dar es Salaam hutumia kanuni ile ile, ingawa sasa kukata na kuunga hufanyika ndani ya kompyuta.

Efekti zinazopatikana zaidi katika filamu za kutisha za Kiswahili zinaweza kugawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni kutoweka na kutokea, ambalo hutegemea kukata na kuunga. La pili ni kupandanisha picha, ambapo mwigizaji huonyeshwa akiwa angavu kama moshi juu ya mandhari nyingine. La tatu ni kuongeza vitu juu ya mwili wa mwigizaji, kama vile macho yanayong'aa na miale inayotoka mikononi. La nne ni kumpiga mwigizaji picha mbele ya kitambaa cha kijani ili awekwe mahali asipokuwapo, kama vile kuzimu au chini ya bahari.

Makundi mawili ya mwisho ndiyo yanayozua matatizo mengi zaidi, na sababu zake ni za kiufundi. Mwanga ulioangaza mwili wa mwigizaji hutoka upande mmoja, wakati mwanga wa mandhari hutoka upande mwingine. Moto uliopandikizwa hauangazi ukuta ulio karibu nao. Mkono wa jini unapita juu ya meza bila kugusa kitu. Kitu kinachokwenda kwa kasi hubaki na kingo kali, ilhali kamera halisi ingekionyesha kwa ukungu wa mwendo. Kwa lugha ya Prince, taswira hiyo inapingana na uzoefu wa macho. Kwa lugha ya mapokeo ya pwani, kiumbe huyo hana dalili: hatikisi pazia, haachi unyayo, hazimi kibatari. Yumo katika picha, lakini hayumo ndani ya nyumba.

5.0 Efekti Inapochukua Nafasi ya Shahidi

Ingekuwa tatizo ni ubora hafifu peke yake, fedha zingelitatua. Historia ya filamu moja ya Marekani inaonyesha vinginevyo. Riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959, The Haunting of Hill House, imetengenezewa filamu mbili zenye jina la The Haunting. Ya kwanza iliongozwa na Robert Wise mwaka 1963, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Mzimu hauonyeshwi hata mara moja. Watazamaji husikia vishindo vikipita ukumbini, huona kitasa kikizunguka na mlango mzito ukibonyea kama unasukumwa na pumzi. Ya pili iliongozwa na Jan de Bont mwaka 1999 kwa bajeti ya takriban dola milioni 80. Humo sanamu huchezesha nyuso, vitanda hushika watu na mwenye jumba aliyekufa hujitokeza kwa umbo kubwa la kompyuta. Wahakiki wengi waliiona ya pili kuwa haitishi, ingawa efekti zake zilikuwa miongoni mwa ghali za wakati wake. Katika mwaka huo huo wa 1999, The Blair Witch Project, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo mno na isiyomwonyesha mchawi wake, ilitisha watazamaji wa nchi nyingi.

Ulinganisho huu unathibitisha kwamba kinachobadilika kati ya filamu hizo mbili za The Haunting ni nafasi ya shahidi. Katika filamu ya Wise, mtazamaji hana njia ya kuujua mzimu isipokuwa kupitia Eleanor, mhusika mkuu, ambaye akili yake yenyewe inatiliwa shaka. Mtazamaji analazimika kuamua kama amwamini. Katika filamu ya de Bont, mtazamaji anaona kila kitu, kwa hiyo hamhitaji Eleanor. Hatua za ugunduzi na uthibitisho zinafutika, na kinachobaki ni mwanzo mfupi na makabiliano marefu.

Filamu nyingi za kutisha za Kiswahili zina muundo huo wa pili. Jini huonekana mapema, aghalabu akiwa na macho yanayong'aa na akisindikizwa na muziki wa kishindo. Mtazamaji hujua siri kabla ya mke, mume au mtumishi wa nyumba kuijua, na huijua yote. Kuanzia hapo wahusika huonekana wajinga kwa kutotambua jambo ambalo kila aliyeko kibandani analiona. Kicheko cha watazamaji huanzia hapo. Hakiletwi na taswira mbaya tu. Huletwa pia na pengo kati ya ujuzi wa mtazamaji na ujinga wa mhusika, ambalo kwa kawaida ni pengo la vichekesho.

Hasara nyingine ni ya nyumba yenyewe. Mashetani wanapoonekana, mpangilio wa baraza, ukumbi na ndani hupoteza maana, kwa kuwa hakuna tena mpaka wa kuvukwa wala mlango wa kuogopwa. Jumba la kifahari linalotumika katika filamu nyingi hubaki kuwa ishara ya utajiri. Wakati huo huo, mji wa Bagamoyo una majengo ambayo kila chumba chake kina swali. Ngome Kongwe, Caravanserai, magofu ya Kaole yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, yote yamepitiwa na historia ya misafara ya pembe za ndovu na ya utumwa. Mzimu wa mahali kama hapo ungekuwa na dai: alikuwa nani, alifia wapi, na nani alinufaika. Jini aliyechorwa kwa kompyuta bila kuulizwa jina wala haja yake hana nasaba, na kwa sababu hiyo hana cha kumdai mtazamaji.

Uwezekano mwingine umeshaonyeshwa nchini. Filamu ya Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kuwasilishwa na Tanzania katika mashindano ya tuzo za Oscar, inamweka mzimu wa wahenga katika mwili wa mwigizaji wa kawaida, Mwanajuma Ali Hassan. Uzito wa mzimu huyo hutokana na Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi, anayeigizwa na Amandina Lihamba, na daktari ambaye lazima aamue kama aamini anachoambiwa. Dalili, ushuhuda na uthibitisho vimekamilika.

6.0 Pingamizi na Majibu Yake

Hoja hii inakabiliwa na pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inatokana na kazi ya Birgit Meyer kuhusu filamu za video za Ghana, iliyochapishwa mwaka 2015. Meyer anaonyesha kuwa watazamaji wa filamu hizo huthamini uwezo wa kamera wa kufichua yaliyofichika, na kwamba efekti hutimiza haja ya kidini ya kuona kwa macho kile kinachohubiriwa. Böhme naye ameeleza namna filamu za Tanzania zinavyoonyesha waganga na mbinu zao za kutazama. Kwa mtazamo huo, kumtaka mwongozaji amfiche jini ni kumlazimisha kipimo cha Hollywood ya mwaka 1963.

Pingamizi hii ina uzito, na makala hii haidai kwamba kuonyesha ni kosa. Ufichuo ni lengo halali la sanaa. Hata hivyo, ufichuo nao unahitaji kilichofichwa. Mahubiri na uganguzi huanza na mateso yasiyoelezeka, hupitia shaka na maswali, ndipo kifuniko kiondolewe. Efekti moja inayotokea baada ya safari hiyo ina nguvu kuliko ishirini zinazotangulia. Kwa hiyo, wingi wa kupita kiasi haupimwi kwa idadi ya efekti pekee. Hupimwa kwa kuuliza kama efekti imetanguliwa na dalili zinazoihitaji.

Pingamizi ya pili ni ya kiuchumi. Waongozaji wa filamu za video hufanya kazi kwa siku chache na fedha kidogo, na programu ya kuhariri iliyomo kwenye kompyuta ndiyo njia nafuu ya kumvutia mnunuzi. Jibu ni kwamba dalili ni nafuu zaidi. Sauti ya mlango, kimya baada ya adhana, ukili wa mkeka unaotatizwa na kitu kisichoonekana, kuku asiyetaka kuingia bandani: yote haya yanahitaji muda wa kufikiri kuliko fedha. Paranormal Activity ilipigwa picha ndani ya nyumba ya mwongozaji wake kwa takriban dola 15,000, na hofu yake ilijengwa kwa mlango, shuka na kivuli. Aidha, historia ya utazamaji nchini yenyewe inathibitisha nguvu ya sauti. Watafsiri wa filamu kama Lufufu, ambao Krings ameichambua sanaa yao, waliweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za nje, na watazamaji wa vibanda umiza waliwafuata kwa ajili ya masimulizi hayo. Hadhira hiyo ilizoea kuamini sikio.

7.0 Uzito wa Kijamii wa Suala Hili

Huenda ikadhaniwa kuwa mjadala huu unahusu burudani tu. Kuna sababu ya kutoridhika na dhana hiyo. Katika kilele cha hofu ya Popobawa mwaka 1995, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye kiumbe huyo. Dalili zilizokuwa zikisimuliwa bila umbo zilipotafutiwa mwili, mwili uliopatikana ulikuwa wa mtu dhaifu asiyeweza kujitetea.

Katika maeneo ya Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na imerekodiwa mara nyingi kwamba macho mekundu, yanayosababishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yalichukuliwa kuwa alama ya mchawi. Tanzania imekuwa na Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, lakini mauaji hayo hayakukomeshwa na sheria hiyo. Makala hii haidai kwamba filamu zilisababisha mauaji, kwa kuwa imani hiyo ni ya zamani kuliko filamu za video. Inachodai ni kwamba efekti inayopatikana kwa urahisi zaidi katika utanzu huu, yaani macho mekundu yanayong'aa usoni mwa mwanamke, inatumia alama ile ile na kuipa uthibitisho wa picha. Katika masimulizi ya mdomo, tuhuma hubaki kuwa tuhuma: msikilizaji anaweza kumhoji msimulizi, jirani anaweza kukanusha, mganga anaweza kukosea. Katika filamu inayoonyesha macho hayo dakika ya tano, hakuna wa kuhojiwa. Mtuhumiwa ni mchawi kwa sababu mhariri amempaka rangi.

Hapa ndipo suala la kisanaa na suala la kijamii hukutana. Filamu inayomwachia mtazamaji shaka inamfundisha kuwapima mashahidi. Filamu inayoondoa shaka mapema inamzoeza kuhukumu kwa uso.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba udhaifu wa filamu za nyumba yenye mashetani hauelezeki kikamilifu kwa ubora wa programu za kompyuta. Efekti huidhoofisha filamu inapochukua nafasi ya dalili na ya shahidi, kwa kuwa huvunja kusitasita alikokueleza Todorov, hufuta hatua mbili za kati za Carroll, na huitenga filamu na utaratibu wa maarifa ambao mtazamaji wa Vigwaza ameurithi. Pale efekti inapokuja kama hitimisho la dalili, inaweza kutimiza kazi halali ya ufichuo.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, waandishi wa miswada waanze na nyumba kabla ya jini: waamue nyumba ni ya nani, nani aliishi humo, mpaka upi umevukwa na dai ni lipi. Pili, mafunzo ya uigizaji na ya sauti yapewe uzito unaolingana na yale ya uhariri. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ina mapokeo ya ngoma na maigizo ambamo mwili na sauti ya msanii vinaweza kubeba mabadiliko ambayo efekti hujaribu kuyachora. Tatu, utafiti zaidi ufanywe kuhusu mapokezi ya filamu hizi katika vibanda umiza na katika simu, hasa kuhusu wakati ambapo watazamaji hucheka na wakati ambapo hunyamaza. Kulinganisha nyakati hizo mbili, onyesho kwa onyesho, kutawapa waongozaji na wahakiki kipimo cha hofu kinachotokana na hadhira yenyewe.